Miiba ya Volti Kwenye Tokeo la Saketi ya Kidijitali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa ufundi, walimu wao na mafundi wanaojenga saketi kwa chipu za familia ya 74HC, za CD4000 au kwa mikrokontrola ndogo (chipu zinazoendeshwa kwa programu), ambao saketi yao imekamilika na inafanya kazi karibu yote, lakini kwenye tokeo, yaani pini inayotoa jibu la saketi, hutokea mruko mfupi wa volti usiokuwamo kwenye mchoro wala kwenye jedwali la ukweli (orodha ya jibu kwa kila hali ya maingizo). Neno mwiba limetumika humu kwa sababu ndivyo mruko huo unavyoonekana kwenye skrini ya osiloskopu, chombo kinachochora volti kadiri muda unavyopita: mstari mwembamba uliochomoza juu au chini ya volti iliyotulia. Jambo moja linaongoza majibu yote: kila mwiba una wakati wake wa kutokea, na anayeujua wakati huo huijua sababu, ilhali anayeuzima kabla ya kuujua hulazimika kurudi tena kwenye saketi ileile baada ya wiki.

Je, miiba yote ni ya aina moja?

Hapana, na kuichanganya ndiko kunakowapotezea watu siku nyingi. Ipo miiba inayozaliwa na kipimo chenyewe, ambayo haipo kabisa kwenye saketi. Ipo inayozaliwa na mantiki, kwa kuwa ishara mbili zilizotoka mahali pamoja zimepita njia za urefu tofauti na hazikufika kwa wakati mmoja. Na ipo inayozaliwa na umeme wenyewe: waya wa graundi uliopanda volti kwa muda mfupi, relei (swichi inayovutwa na koili ya umeme) iliyoachia, waya mrefu unaorudisha mawimbi.

Kuzitenganisha aina mbili za mwisho kuna jaribio rahisi. Punguza mwendo wa kloku, yaani ishara ya mapigo inayoongoza hatua za saketi, hadi mpigo mmoja kwa sekunde, au utoe mapigo kwa mkono kupitia swichi iliyoondolewa midundo. Mwiba wa mantiki utaendelea kutokea, kwa upana uleule, kila mara mpito fulani wa ingizo unapotokea, na si wakati mwingine. Kisha shusha umeme wa kulisha kutoka volti 5 hadi 3, jambo ambalo chipu za 74HC huliruhusu kwa kuwa hufanya kazi kati ya volti 2 na 6. Mwiba wa mantiki utapanuka, kwa sababu mageti, yaani vipande vidogo vya mantiki ndani ya chipu, yamekuwa ya polepole zaidi. Mwiba wa umeme unaotokana na kasi ya mipito kwa kawaida utapungua kimo. Mwiba usiojali kloku wala volti, bali unatokea pampu inapozimwa chumba cha pili, una chanzo cha nje, na hakuna kurekebisha mchoro wa mantiki kutakakousaidia.

Nitajuaje kwamba mwiba ninaouona ni wa kweli?

Anza na probu, yaani kalamu ya kupimia ya osiloskopu, kabla ya kugusa saketi. Probu nyingi huja na waya wa graundi wenye kibanio, na urefu wake ni kama sentimita 15. Waya wa namna hiyo una induktansi, yaani ukaidi dhidi ya badiliko la mkondo, ya takriban nanohenri 10 kwa kila sentimita, kwa hiyo nanohenri 150 kwa jumla. Ncha ya probu nayo, ikiwa kwenye nafasi ya mara 10, ina kapasitansi ya takriban pikofaradi 12. Viwili hivi vikikutana hutetema kwenye masafa ya karibu megahezi 120, na kila mpito mkali wa chipu ya 74HC huvigonga kama mtu anavyogonga kengele. Utaona mwiba wa volti moja au zaidi ukifuatiwa na mawimbi madogo yanayofifia, na utaamini saketi ni mbovu.

Ondoa kibanio hicho. Tumia springi fupi inayokuja kwenye pakiti ya probu, au uzungushe waya mfupi usiofunikwa kwenye pete ya chuma iliyo karibu na ncha, kisha uiguse pini ya graundi ya chipu ileile unayoipima. Mkono mmoja unashika probu, ncha iko kwenye pini ya 3 ya 74HC00, waya mfupi unagusa pini ya 7, na kwenye skrini kile kilichokuwa mwiba mrefu kinalala mara moja hadi kubaki kinundu kidogo pembeni mwa mpito. Nimeonyesha jambo hili darasani mara nyingi, na bado huwanyamazisha watu. Kilichobaki baada ya hapo ndicho cha kweli, na ndicho cha kushughulikia.

Hakikisha pia kwamba probu iko kwenye mara 10. Kwenye mara 1 uwezo wake hushuka hadi megahezi chache tu, na huongeza mzigo mkubwa wa kapasitansi kwenye pini, hata ikabadilisha tabia ya saketi unayoichunguza.

Osiloskopu yangu haionyeshi chochote, lakini kihesabuji kinachofuata kinahesabu mapigo ya ziada. Nimwamini nani?

Mwamini kihesabuji. Geti la 74HC hubadilika kwa takriban nanosekunde 8 hadi 10, na mwiba wenye upana huo unatosha mara nyingi kuigeuza flipu-flopu (kumbukumbu ya biti moja) inayofuata. Osiloskopu ya megahezi 20 ina muda wa kupanda wa nanosekunde 17.5, kwa hiyo mwiba wa nanosekunde 8 huuona kama kivimbe kidogo, au usiuone kabisa. Angalia pia kama kichujio cha megahezi 20 kimewashwa kwenye menyu, kwa kuwa osiloskopu nyingi nzuri huwa zimezibwa na kichujio hicho bila mwenyewe kujua.

Hitilafu ya pili ni kasi ya kuchukua sampuli. Ukiweka skrini ionyeshe milisekunde 100 kwa jumla, na kumbukumbu ya chombo ni nukta 10,000, basi kati ya nukta moja na nyingine kuna mikrosekunde 10, na miiba elfu moja inaweza kupita katikati bila kuguswa. Tumia hali ya kunasa vilele, ambayo hukusanya thamani ya juu na ya chini kati ya nukta, au uweke kichochezi kinachoangalia upana wa mpigo. Vichanganuzi vya bei nafuu vya mantiki vinavyochomekwa kwenye kompyuta huchukua sampuli milioni 24 kwa sekunde, yaani moja kila nanosekunde 42 hivi. Ni vyombo vyema vya kusoma mazungumzo kati ya chipu, lakini si vya kuwindia miiba.

Asiye na osiloskopu hajakwama. Chukua flipu-flopu moja ya 74HC74, unganisha ingizo lake la D kwenye volti 5, pini za kuweka na kufuta zote zivutwe juu kwa rezista za kiloomu 10, kisha tokeo unalolishuku uliunganishe kwenye pini ya kloku ya flipu-flopu hiyo. Tokeo lake la Q liwashe taa ndogo ya LED kupitia rezista ya kiloomu 1. Gusa pini ya kufuta kwenye graundi ili kuutega mtego. Ikiwa tokeo linalotakiwa kubaki limetulia litatoa hata mwiba mmoja, taa itawaka na itabaki imewaka. Karatasi ya data haitoi dhamana kwa mapigo membamba kupindukia, lakini kwa kawaida mtego huu hunasa kilekile ambacho kihesabuji chako kinakinasa, na hicho ndicho unachokihitaji.

Jedwali la ukweli linasema tokeo libaki 1 kabla na baada ya badiliko. Kwa nini linashuka katikati?

Kwa sababu jedwali la ukweli halina saa. Linaeleza hali baada ya kila kitu kutulia, na halisemi lolote kuhusu safari ya kufika hapo.

Chukua saketi ya kuchagua kati ya ishara mbili, ambayo hukutwa karibu kila mahali: tokeo ni A NA B, AU kinyume cha A NA C (NA hutoa 1 iwapo maingizo yake yote ni 1; AU hutoa 1 iwapo hata moja ni 1). Weka B na C zote ziwe 1. Kwa hesabu, tokeo ni 1 iwapo A ni 1, na ni 1 pia iwapo A ni 0. Sasa shusha A kutoka 1 hadi 0. Geti la kwanza la NA hupokea habari moja kwa moja na kuzima. Geti la pili haliwezi kuwaka hadi habari ipite kwanza kwenye kigeuzi kinachotengeneza kinyume cha A, na kigeuzi hicho huchukua takriban nanosekunde 8. Katika kipindi hicho mageti yote mawili yamezima, na geti la AU, kwa uaminifu kabisa, linatoa 0. Geti halijakosea, limejibu kile kilicholetwa mlangoni kwake.

Tiba ya mantiki ni kuongeza geti la tatu la NA lenye B na C, na kulipeleka kwenye geti la AU pamoja na mengine. Kwa hesabu geti hili halina kazi, na mwanafunzi anayepunguza mlinganyo kwa ramani ya Karnaugh (jedwali la miraba la kurahisisha milinganyo ya mantiki) huliondoa akijipongeza. Lakini ndilo linaloshikilia tokeo juu wakati A inavuka. Kwenye ramani yenyewe utaliona: makundi mawili ya 1 yanayogusana ubavuni bila kundi lolote linaloyafunika yote mawili mpakani. Kila mpaka wa namna hiyo ni mahali pa mwiba. Suala hili si jipya. David Huffman alichapisha uchambuzi wa mitandao isiyo na hatari hizi mwaka 1957, enzi ambazo relei zilikuwa bado zinafanya kazi hii.

Tiba hiyo ina mpaka wake, nao lazima usemwe: inalinda pale ingizo moja tu linapobadilika. Maingizo mawili yakibadilika pamoja, hakuna geti la ziada linaloweza kuhakikisha usalama kwa kila hali, na hapo tiba ni kupitisha tokeo kwenye flipu-flopu inayosoma baada ya kila kitu kutulia.

Dikoda yangu inawasha taa zisizohusika kwa muda mfupi sana kila kihesabuji kinapopiga hatua. Imeharibika?

Haijaharibika. Dikoda ni chipu inayosoma namba ya biti na kuamsha tokeo moja linalolingana nayo. Uwezekano mkubwa ni kwamba kihesabuji ni cha aina ambayo kila flipu-flopu huichochea inayofuata, kama 74HC93 au CD4040. Katika kihesabuji hicho biti hazibadiliki pamoja. Hupokezana habari kama watu waliopanga mstari wakipitisha ndoo za maji. Fuatilia hatua ya kutoka 3 kwenda 4 kwenye biti tatu. Namba inaanza 011. Biti ya kwanza inashuka: 010, yaani 2. Hiyo inaiangusha ya pili: 000, yaani 0. Ndipo ya tatu inapopanda: 100, yaani 4. Dikoda ya 74HC138 inayosoma biti hizo itavuta chini tokeo la 2, kisha la 0, kisha la 4, na matokeo hayo mawili ya mwanzo yatadumu nanosekunde chache tu. Kwa taa ya LED jicho halitaona lolote. Kwa pini ya kloku ya chipu nyingine, ni amri halali.

Nilipokuwa ninaanza kazi, nilikaa siku mbili na saketi ya namna hii ambayo tokeo la 0 la dikoda lilitumika kuhifadhi thamani kwenye rejista (kundi la flipu-flopu linalotunza namba). Thamani ilihifadhiwa mahali pasipotakiwa, si kila mara, na zaidi asubuhi kuliko mchana. Nilibadilisha rejista, nikabadilisha dikoda, nikalaumu umeme wa chumba. Siku ya pili jioni nilichora kwa penseli hatua ya 3 kwenda 4 kwenye karatasi, biti moja baada ya nyingine, na tatizo lilikuwa pale limekaa kwenye mstari wa tatu.

Tiba bora ni kutumia kihesabuji ambacho flipu-flopu zake zote hupokea kloku moja, kama 74HC163. Hata hivyo usidhani hilo peke yake linatosha, kwa kuwa biti zake pia hupishana kwa nanosekunde moja au mbili na dikoda ina njia za ndani zisizolingana. Tumia pini za kuruhusu za 74HC138, yaani pini ya 4, ya 5 na ya 6. Kwa 74HC93, inayohesabu kloku inaposhuka, unganisha kloku hiyohiyo kwenye pini ya 6, ambayo huruhusu ikiwa juu. Dikoda itafumba macho mara tu baada ya mshuko, wakati biti zinapishana, na itayafumbua nusu ya pili ya kloku zikiwa zimetulia. Gharama yake ni kwamba tokeo litakuwa hai nusu ya muda tu.

Kama unachohitaji ni matokeo kumi yanayowaka kwa zamu, CD4017 imejengwa kwa mpangilio wa Johnson, ambapo biti moja tu hubadilika kwa kila hatua, na matokeo yake hayana miiba hii. Wazo hilohilo la kubadilisha biti moja kwa wakati ndilo lililo kwenye msimbo wa Gray, unaobeba jina la Frank Gray wa Bell Labs, aliyepata hataza yake mwaka 1953.

Nimefanya kihesabuji kirudi 0 kinapofika 10, na pini moja inatoa mwiba kila mapigo kumi. Kwa nini?

Kwa sababu ili kirudi 0 kwa kuitambua 10, lazima kwanza kiwe 10. Kwenye 74HC93, namba 9 ni 1001 na inayofuata ni 1010; biti ya pili inapanda, pini za kufuta zinaitambua hali hiyo, na kihesabuji kinafutwa. Biti ya pili imekuwa juu kwa makumi ya nanosekunde, na huo ndio mwiba wako. Kuna hatari nyingine iliyofichika zaidi: flipu-flopu moja ikifutika haraka kuliko mwenzake, amri ya kufuta huondoka kabla ya kazi kukamilika, na kihesabuji huangukia namba isiyotarajiwa. Tumia 74HC163, ambayo hufuta kwa kusubiri mpigo unaofuata wa kloku. Itambue 9, si 10, kwa geti la NAND (NA iliyogeuzwa kinyume) lenye biti ya kwanza na ya nne, na ulipeleke kwenye pini ya kufuta. Namba 10 haitatokea kabisa.

Kwa sababu hizohizo, usiisimamishe kloku kwa kuipitisha kwenye geti la NA. Chipu nzuri zina pini ya kuruhusu kuhesabu, itumie hiyo.

Si rahisi zaidi kuweka kapasita kwenye tokeo?

Ni rahisi, na ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote. Tuseme umeweka nanofaradi 100 kati ya tokeo la 74HC na graundi. Tokeo hilo lina ukinzani wa ndani wa takriban omu 50, kwa hiyo mpito uliokuwa wa nanosekunde chache sasa unachukua mikrosekunde 11 hivi. Karatasi za data za 74HC huruhusu ingizo lipande kwa muda usiozidi nanosekunde 500 kwenye volti 4.5. Geti linalofuata, likipewa mpito mzito kiasi hicho, hukaa muda mrefu katikati ya 0 na 1, na kelele ndogo kabisa hulifanya libadili mawazo mara kadhaa. Ulikuwa na mwiba mmoja. Sasa una kundi. Zaidi ya hayo, kila mpito unaibebesha pini mkondo unaokaribia milliampea 100 kwa kitambo kifupi, wakati kikomo cha kawaida cha pini ni milliampea 25.

Ikiwa ni lazima kuchuja, na wakati mwingine ni lazima, weka rezista ya kiloomu 1 mfululizo, kapasita ya pikofaradi 100 baada yake, na ufuatishe geti la 74HC14, ambalo lina viwango viwili tofauti vya kupandia na kushukia. Mchujo huo una muda wa nanosekunde 100 na hausumbui yeyote. Lakini fanya hivyo baada ya kujua mwiba umetoka wapi.

Nimeambiwa niweke kapasita za nanofaradi 100 kwenye kila chipu. Zinafanya nini hasa?

Hizi ni habari nyingine kabisa, na hapa kapasita ndiyo jibu sahihi. Tokeo linapobadilika, chipu hudai mkondo mkubwa kwa muda mfupi sana. Waya wa sentimita 30 kutoka kwenye chanzo cha umeme una induktansi ya nanohenri 300 hivi na hauwezi kuuleta kwa wakati. Kapasita ya kauri iliyo karibu, ile ndogo yenye maandishi 104, ndiyo ghala la jirani linalotoa mkondo huo. Kwenye 74HC00 umeme unaingia pini ya 14 na graundi ni pini ya 7, pembe mbili zinazokabiliana, kwa hiyo kapasita inatakiwa ivuke juu ya chipu kwa miguu iliyokatwa mifupi. Ukiiweka mwisho wa bredibodi ikiwa na miguu mirefu ya kiwandani, umeongeza pambo. Ongeza pia kapasita moja ya mikrofaradi 10 hadi 47 pale umeme unapoingilia kwenye bodi.

Hata hivyo kapasita haiondoi induktansi iliyo ndani ya mguu wa graundi wa chipu yenyewe. Chukua chipu yenye matokeo manane kama 74HC574, kila moja likiwa na mzigo wa pikofaradi 50, na yote yashuke kwa pamoja. Kila moja linamwaga takriban milliampea 40, jumla zaidi ya milliampea 300, ndani ya nanosekunde chache, kupitia mguu mmoja wenye nanohenri 10 hivi. Ukiizidisha induktansi kwa kasi ya badiliko la mkondo, unapata kitu cha karibu volti 1. Kwa kipindi hicho graundi ya ndani ya chipu imepanda, na tokeo lililotakiwa kubaki 0 limepanda nalo. Tatizo hili lilikuwa kali kiasi kwamba Texas Instruments ilitengeneza mfululizo wa 74AC11000, ambao pini za umeme na graundi zimehamishiwa katikati ya chipu ili njia iwe fupi.

Kulithibitisha ni rahisi. Shikilia tokeo moja kwenye 0, yaache saba yabadilike, na pima lile lililotulia. Likitoa mwiba sambamba na wenzake, unaona graundi ikipanda. Tumia familia ya polepole zaidi, usizitumie 74AC, ambazo ni za kasi zaidi, pale 74HC inapotosha, weka rezista za omu 33 hadi 100 kwenye matokeo, na kwenye bodi uliyochora mwenyewe acha upande mmoja wote uwe shaba ya graundi. Bredibodi haiwezi kukupa hilo, na kwa saketi zenye kasi ni vyema kuikubali hali hiyo mapema na kulehemu.

Mageti nisiyoyatumia nifanyeje?

Maingizo yake yote yaunganishwe kwenye graundi au kwenye umeme. Ingizo la CMOS, aina ya chipu kama hizi za 74HC na CD4000, lililoachwa hewani huokota chochote, hata mkono uliopita karibu, na geti hilo linalotetema bure huitikisa graundi ya mageti matatu mengine yanayokaa nyumba moja nalo. Matokeo yasiyotumika yaachwe wazi.

Swichi moja nikiibonyeza inatoa mapigo mengi. Je, huo nao ni mwiba?

Hiyo ni midundo ya vyuma vya swichi, na hudumu milisekunde kadhaa, mara nyingi chini ya 10. Rezista ya kiloomu 10 na kapasita ya mikrofaradi 1, zikifuatwa na 74HC14, hutosha. Ikiwa swichi ina njia mbili, mageti mawili ya NAND yaliyofungwa kwa kukingamana ni bora kuliko kapasita yoyote.

Saketi huchanganyikiwa kila relei inapoachia. Nianzie wapi?

Anza na diodi. Koili ya relei ya volti 5 yenye omu 70 hubeba takriban milliampea 71, na transista inapoukata mkondo huo ghafla, koili hupandisha volti hadi ipate njia, hata ikavuka volti 100. Diodi ya 1N4007 iwekwe sambamba na koili, upande wenye mstari ukielekea kwenye umeme chanya. Ukitumia ULN2003, chipu ya kuendeshea relei, diodi zimo ndani tayari, lakini hazifanyi kazi mpaka pini ya 9 iunganishwe kwenye umeme wa relei; nimekuta bodi nyingi ambapo pini hiyo imeachwa.

Ikiwa diodi ipo na tatizo linaendelea, sikiliza mzigo. Fundi mmoja aliniletea bodi ya kuhesabu ujazo wa tangi iliyokuwa imebadilishwa chipu mara tatu, na kihesabuji chake kiliruka kila pampu ilipozimwa. Chipu hazikuwa na kosa. Kontakta ya pampu, yaani relei kubwa, ilikuwa na koili ya umeme wa mkondo geu wa volti 230, waya zake zilifungwa pamoja na waya wa kihisi kwa karibu mita nne, na cheche za kuachia ziliingia kupitia humo. Tulitenganisha waya, tukaweka mfululizo wa rezista ya omu 100 na kapasita ya nanofaradi 100 ya daraja la X2 (inayoruhusiwa kwenye umeme wa ukutani) sambamba na koili, na kuhesabu kukatulia. Kwenye koili ya mkondo geu diodi haiwekwi kamwe, itapasuka.

Tahadhari: kibanio cha graundi cha osiloskopu kimeunganishwa moja kwa moja na ethi ya jengo. Usikiguse kwenye saketi yoyote iliyounganishwa na umeme wa ukutani.

Mwiba unatokea mwisho wa waya mrefu tu. Waya una kosa gani?

Ishara husafiri takriban sentimita 20 kwa nanosekunde kwenye kebo. Ikifika mwisho na kukuta ingizo la CMOS, ambalo karibu halichukui mkondo, hurudi nyuma, na mawimbi mawili hujumlishana kuwa mwiba juu ya volti 5 na mwingine chini ya 0. Kwa mipito ya nanosekunde 6, anza kuwa makini waya unapozidi sentimita 20. Weka rezista ya omu 33 hadi 100 mfululizo, upande wa chipu inayotuma na si inayopokea, na kwenye kebo bapa uweke waya wa graundi kati ya kila ishara na jirani yake.

Relei zinalia mara moja kila ninapowasha umeme, kabla programu haijaanza.

Pini za mikrokontrola ya ATmega328P huanza zikiwa maingizo, hazivuti juu wala chini, hadi programu izipe kazi. Rezista ya kiloomu 10 kwenda graundi, kwenye ingizo la kinachoendesha relei, humaliza jambo hilo. Kwenye mikrokontrola ya ESP8266 baadhi ya pini hutoa mapigo wakati wa kuanza, hasa GPIO16, GPIO0 na GPIO2. Kwa relei tumia GPIO4 au GPIO5.

Kwa 74HC595, chipu inayoongezea mikrokontrola matokeo, watu wengi hujaribu kuifuta kwa pini ya 10 na kushangaa taa zikiendelea kuwaka. Pini hiyo hufuta rejista ya kusogeza tu, ile inayopokea biti moja moja. Matokeo hayabadiliki mpaka pini ya 12 ipewe mpigo. Vuta pini ya 13 juu kwa kiloomu 10 ili matokeo yafungwe wakati wa kuwasha, programu iandike sifuri zote na kuipa pini ya 12 mpigo, ndipo iishushe pini ya 13.

Je, nikihamia CD4000, ambazo ni za polepole, miiba itakwisha?

Ile ya umeme itapungua sana. Ile ya mantiki itapanuka, kwa kuwa kwenye volti 5 geti la CD4000 huchelewa karibu nanosekunde 100.

Je, kila mwiba lazima uondolewe?

La. Tokeo likienda kwenye taa, kwenye onyesho la tarakimu, au kwenye ingizo la D la flipu-flopu ambayo kloku yake huja baada ya kila kitu kutulia, uache. Ukaguzi unaostahili kufanywa kwa kila mchoro ni kufuata kwa kalamu nyekundu kila waya unaoishia kwenye pini ya kloku, ya kufuta, ya kuweka au ya kuhifadhi, na kurudi nyuma hadi unakotoka. Ukitoka moja kwa moja kwenye flipu-flopu, pita. Ukitoka kwenye mageti au dikoda, simama hapo na uchore mipito yake yote, moja moja.